Sitara ya Maiti na Mafunzo ya Uokoaji

Kumwokoa anayeungua au anayezama ni faradhi ya kifaya: wakitokea wa kuitekeleza, wengine huondokewa na dhima, asipotokea mtu, dhambi ni ya mji mzima. Wanafikihi hushikilia pia kwamba jambo ambalo wajibu hautimii bila yake, nalo ni wajibu. Mazoezi ya zimamoto basi yamo katika wajibu huo. Lililo gumu ni kama yajengwe juu ya habari za waliokufa.

Zoezi likifanywa katika jengo tupu la vyumba vya mraba, halimfundishi askari nyumba ya Mji wa Kale wa Mombasa. Humo mna kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za boriti za mikoko, ngazi nyembamba zenye giza, na madirisha yaliyotiwa nondo kwa kuhofia wezi. Ufunguo wa kufuli ukiwa umetundikwa chumba kingine, moshi humtangulia mtu mlangoni. Vichochoro vingi havipitishi gari. Mipira ya maji huvutwa kwa mkono. Marekani wako wazima moto wanaojaza fomu baada ya uokoaji: mtu alikutwa wapi, alifikiwa baada ya dakika ngapi, alitolewa kwa mlango au dirisha. Majibu hayo huonyesha upekuzi uanzie wapi.

Pingamizi ni sitara, nalo ni zito. Mwosha maiti hafichui aliyoyaona, na nyumba ya Mswahili ina ndani isiyokanyagwa na mgeni. Gari lilipotumbukia kutoka feri ya Likoni tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na mama na bintiye, msako uliendelea hadi 11 Oktoba huku nchi nzima ikitazama. Msiba wa watu wawili ukawa wa hadhara. Hata hivyo, yanayomfaa mpiga mbizi wa kesho ni kina, mkondo na giza la maji. Hakuna hata moja linalohitaji jina la marehemu.

Sitara hufunika aibu na mwili. Mahali, muda na njia si aibu ya mtu. Lakini katika mtaa mdogo kuficha jina hakutoshi, kwa kuwa nyumba yenyewe inajulikana. Ndiyo maana, fomu kama hizo zikijazwa Mombasa, zingefaa zichanganywe na za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye nyumba za ujenzi wa namna hiyohiyo, na jamaa waombwe idhini baada ya matanga kuanuliwa.