Chausiku Ana Miaka Mingapi?

Jina hutolewa na watu waliotutangulia, ndiyo maana hueleza habari zao zaidi kuliko zetu. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, Kenya ikiwa bado koloni. Uhuru wenyewe ulifika Desemba 1963. Jina lake ni tumaini la wazazi, na tumaini hilo lina tarehe.

Kwa hiyo mwandishi wa hadithi anapomtaja mhusika, anasema kwa niaba ya wazazi ambao huenda hawatatokea hata ukurasa mmoja. Euphrase Kezilahabi alilijua hilo. Katika Rosa Mistika, riwaya ya 1971, mabinti wa Zakaria na Regina wanaitwa Rosa, Flora, Honorata, Stella. Hatuhitaji kusimuliwa historia ya wamisionari Wakatoliki huko Ukerewe. Maji ya ubatizo yamo ndani ya majina. Tena Rosa Mistika ni sifa ya Bikira Maria. Kabla msichana hajatenda lolote, ameshatwishwa mzigo.

Sasa tazama hadithi zetu za mjini. Dada wa kazi, miaka 18, anaitwa Chausiku. Mama mwenye nyumba, miaka 45, anaitwa Tiffany. Ukipiga hesabu utashangaa: huyo mama alizaliwa karibu na 1980, zama za akina Rehema, Esta na Mwanaidi. Dada ndiye angeweza kuitwa Happiness au Glory.

Mtu atasema hilo ni kosa dogo la hesabu. Mimi naona ni suala la maadili. Kumpa binti maskini jina la kizee bila sababu ni kumwambia msomaji kwamba maskini hawaishi katika wakati huu, kwamba kijijini saa ilisimama. Kumbe huko kijijini yupo mama aliyesikiliza redio, akaenda kanisani, akachagua Happiness kwa makusudi, akimtakia mwanawe maisha tofauti na yake. Mwandishi amemfuta mama huyo kwa neno moja.

Zipo hoja za kupinga. Shaaban Robert alimwita mkulima wake Utubora kwa sababu ya tabia yake, na fumbo halina umri. Sawa, lakini hadithi yenye bodaboda na vifurushi vya intaneti haijakusudiwa kuwa fumbo. Hoja ya pili ina uzito zaidi: jamii zetu nyingi hurithisha majina ya mababu na mabibi, na watoto bado huzaliwa usiku. Chausiku wa miaka 18 yupo kweli.

Basi mwandishi amjue. Nani alimpa jina hilo? Mwaka gani? Alikuwa anamkumbuka nani? Majibu yasipoandikwa hayadhuru, mradi mwandishi anayo. Asipokuwa nayo, jina hilo limetoka kwenye dharau yake mwenyewe, wala si kwa bibi yeyote.