Kiduha Kinakula Kabla Hujakiona



Kijana mwenzangu, kama umekulia Bariadi, Itilima au Maswa, kiduha unakijua. Kile kijimea chenye maua ya zambarau katikati ya mahindi na mtama. Mpita njia atasema shamba limepambwa. Mwenye shamba anashika kichwa.

Msimu ule nilikuwa napalilia na babu. Upande mmoja mahindi yamedumaa, yamenyauka kama yana kiu, na mvua ilinyesha juzi tu. Nikamwambia, "Babu, huku kiduha hakijaingia, sikioni." Akacheka. "Mjukuu wangu, ukikiona ujue kimeshakula." Aking'oa shina moja taratibu, akapangusa udongo, akanionyesha vichipukizi vyeupe vimeng'ang'ania mizizi.

Ndivyo kilivyo. Mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki hovyo. Zinangoja mzizi wa mahindi au mtama upite jirani na kutoa kemikali yake. Hapo mbegu inaota, inajishikiza, inanyonya. Wiki kadhaa inakula chini kwa chini. Na hustawi zaidi kwenye udongo uliochoka.

Siku ile nilishindwa kumtazama babu usoni. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha vijana, na pesa za kikundi zilikaa kwenye simu yangu. Nilianza kubeti na 2,000, nikijiambia jioni narudisha. Mkeka ukachanika. Nikaongeza ili nirudishe ile ya kwanza (wanaobeti mnanielewa). Zikafika 186,000. Na Jumapili nipo kwaya, naimba besi, napokea Komunyo. Hakuna aliyeona ua lolote.

Sasa, katika Injili ya Mathayo sura ya 13, mwenye shamba anawazuia watumishi wasing'oe magugu mpaka mavuno. Nilijificha sana kwenye mfano huo. Si Yesu mwenyewe kasema yaachwe? Lakini pale shamba ni ulimwengu, na magugu ni watu. Mungu anawavumilia watu, maana mtu anaweza kugeuka. Kuhusu dhambi iliyo ndani yako, Injili hiyohiyo, sura ya 5, inasema habari ya kung'oa jicho na kukata mkono. Hapo hakuna kungoja mavuno. Kiduha hung'olewa kabla hakijatoa maua, basi.

Nilienda kuungama. Padri hakunigombeza, kitu kilichonishangaza. Aliniambia nirudishe pesa, na niwaambie wenzangu mwenyewe. Kuwaambia ndiko kulikoniuma kuliko yote. Mmoja aliondoka kikundini siku hiyohiyo, na sijamlaumu.

Nilidhani nikishaondolewa dhambi na hamu itaondoka. Wapi! Kila wikiendi ya mechi inaamka. Katekismu, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo yanafuta dhambi lakini hayaponyi vurugu zote ilizoleta. Aliyesamehewa ana kazi ya kurekebisha. Shina limeng'olewa, ila mbegu za miaka bado zimo ardhini. Usikate tamaa ukirudi kitubioni na neno lilelile. Mkulima naye anarudi shamba lilelile.

Babu msimu uliofuata hakupanda mahindi pale. Alimwaga samadi, akapanda pamba. Mizizi ya pamba nayo huamsha mbegu za kiduha, ila kikiota hakipati pa kunyonya, kinakufa. Kwa hiyo pamba yetu hii ya Simiyu, tunayoilalamikia bei kila mwaka, inasafisha udongo kimyakimya. Nami nikabadili zao. Pesa ya mtu haikai tena kwenye simu yangu. Saa za mechi za jioni ndizo saa za mazoezi ya kwaya, na siku zisizo na mazoezi nasali Rozari na bibi, anayesinzia kwenye fumbo la tatu. Hamu inakuja, inakosa pa kushika. Kuna siku inashika. Naenda kuungama tena.

Nimebakiza 70,000. Kila Jumapili baada ya Misa nampelekea mweka hazina mpya nilichopata kwa kufyatua tofali. Anazihesabu mara mbili, mbele yangu, bila haraka. Namshukuru.