Safari Bila Kuaga

Kijana wa Kariobangi aliyekwisha kupokea ujira wake ana haki ya kupanda basi Ijumaa usiku, bila shauri la mtu, akaamkia Mombasa. Haki hiyo usiidharau, msomaji. Katika miaka ya 1920 wanaume Waafrika wa Kenya walivikwa kipande shingoni, na kwa hicho mwendo wao ulichunguzwa. Leo Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu uhuru wa kwenda.

Lakini je, aliye huru kwenda yu huru pia kutoaga? Sheria imenyamaza; utu haukunyamaza. Njia ya Mombasa ni kilomita 480 hivi, na usiku imejaa malori. Mama asiyejua alipo mwanawe huisafiri yote kwa hofu, wala haioni bahari mwishoni.

Husemwa kwamba kuaga huondoa utamu wa safari ya ghafla. Sivyo. Kuomba ruhusa ni wajibu wa mtoto. Kuaga ni heshima ya mtu mzima. Nenda, basi, ukaone bahari. Lakini mzigo wa safari yako usimtwike aliyebaki nyumbani.