Kinyago na Utu

Mjukuu wangu asomaye huko Pittsburgh, Marekani, aliniletea picha iliyonikosesha usingizi. Amesimama barabarani, amekumbatiana na mbweha mrefu kumpita, mwenye manyoya ya buluu na mkia wa kufagia njia. "Babu," aliandika, "huyu ni jirani yangu, fundi wa lifti. Ndani ya vazi hili humsalimu kila mtu. Nje yake, hata mimi hanitazami usoni."

Nilitaka maelezo, nikapewa. Watu hao hujiita kwa neno lenye maana ya "wenye manyoya". Hupenda hadithi na michoro ya wanyama wasemao na kutembea wima kama sisi. Aghalabu kila mmoja hujichagulia mnyama, akampa jina na tabia, akawa ndiye yeye wa pili. Walifanya mkutano wao mwaka 1989 huko California. Ule uitwao Anthrocon umekuwa ukifanyika Pittsburgh tangu 2006, na mwaka 2023 waliohudhuria walizidi 13,000. Wengi wao hawana vazi kamili, kwa kuwa bei yake hufika maelfu ya dola. Huridhika na masikio au mkia, au kuchora tu.

Sasa, ndugu msomaji, mimi nimelelewa katika lugha ambayo kumwita mtu mnyama ni kumvua utu. Iweje basi mtu mzima, mwenye kazi yake, auvae unyama kwa hiari na kwa gharama? Hilo ndilo lililonikesha. Ingawa, nikijisema kweli, Sungura wa hadithi za bibi hatukumwona mnyama hata siku moja.

Machi 2016, karibu na Vancouver nchini Kanada, mkutano wao mwingine ulifanyika katika hoteli ambamo wakimbizi kutoka Syria walikuwa wamepewa malazi ya muda. Waandaaji waliingiwa na wasiwasi, wakawaomba wenzao wawachunge wageni hao wasije wakashtuka. Watoto hawakushtuka. Waliwakimbilia, wakawakumbatia, wakacheza nao na kupiga picha. Watoto waliotoka vitani, waliokwisha kuona binadamu wasio na kinyago wanavyoweza kufanya!

Siwafanyi malaika. Baadhi ya michoro yao haifai mbele ya mtoto, na wapo walio nje wasiojua lolote jingine juu yao ila hilo. Tena kinyago kinaweza kumsitiri mwovu. Lakini hata suti na tai husitiri. Nilizivaa miaka thelathini, nami najua zilichositiri.

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, Darasa la Pili. Kijana huyo alikuwa na kigugumizi kizito. Chuoni alikaa nyuma, na wakufunzi tulikuwa tumeacha kumwuliza maswali, tukidhani tunamhurumia. Siku hiyo nilimkuta amevaa uso wa sungura alioukata kwenye boksi la sabuni, anafundisha hesabu za kutoa. Sungura alikuwa na karoti kumi, Fisi akamwibia nne. Sauti ilimtoka kama maji ya mfereji, haikwami popote. Watoto sitini na zaidi walikuwa kimya, wamemkodolea macho.

Nami, badala ya kusikia sauti, niliona boksi. Nilisimama kule nyuma na fomu yangu ya tathmini mkononi, nikasema kwa sauti ya mkuu wa chuo kwamba mwalimu hafundishi akiwa mnyama, avue.

Akavua. Akaukunja ule uso taratibu, akauweka mezani, akageukia darasa ili aendelee. Neno "kumi" likamkaa kooni. Alilijaribu mara tatu, midomo ikitetemeka, hata mtoto mmoja wa mbele akacheka, na wengine wote wakafuata. Nikainama, nikaandika kwenye fomu: "Hawezi kulimudu darasa."