Usukani Ulionyamazishwa

Mafundi wa gereji hulijibu kila siku swali ambalo wasomi wa maadili wamelizunguka kwa karne nyingi. Mteja akikuomba kitu, nawe ukampa kitu hichohicho, kwa ubora alioutaka na bei mliyokubaliana, huku ukijua kwamba kitamficha jambo la hatari, je, umemdanganya? Hakuna neno la uongo lililotamkwa. Risiti ni halali. Nati zote zimekazwa.

Kifaa chenyewe ninachokifikiria ni kidogo, na wasafiri wengi hawajui kama kipo. Lala chini ya Land Cruiser 79, ile pikapu ngumu ya mkonga ubavuni, tazama upande wa mbele. Utaona kitu kimelala kwa upana wa gari, kinafanana na shokapu iliyoangushwa. Hiyo ndiyo dampa ya stelingi. Ndani yake kuna pistoni, oili na matundu membamba. Haigeuzi matairi wala haiyanyooshi. Usukani ukitaka kuruka ghafla kulia au kushoto, oili inalazimishwa kupenya kwenye yale matundu, nguvu ya mruko inageuka joto, basi. Ukizungusha usukani taratibu, hutajua kama ipo.

Shokapu (shokomzoba, kwa wale wa zamani) inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ila yenyewe inamtuliza springi. Springi ndiyo inayobeba gari; shokapu inaizuia isiendelee kudunda baada ya tuta kupita. Na watu wanaobadilisha shokapu za pikapu hizi wana sababu za kweli. Nenda gereji za Arusha uone. Pikapu inakatwa, inafungwa bodi ya utalii, viti, paa la kufunguka, tenki la pili, friji, tairi kubwa kuliko za kiwandani. Halafu inapelekwa barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, kwenye yale mawimbi ya udongo yanayopangana kama mbao za kufulia. Shokapu ya kawaida ikipigwa na mawimbi hayo kilomita baada ya kilomita, oili inapata moto, inakuwa nyepesi, inatoa povu, na kabla hujafika getini umebaki na springi peke yake. Ndiyo maana mwenye uwezo ananunua yenye mwili mpana zaidi, au yenye gesi ya naitrojeni inayoibana oili isitoe povu: Old Man Emu ya Australia, Bilstein ya Ujerumani. Barabara ni mbovu kweli, mzigo ni mzito kweli, na kifaa kinakabiliana na kitu kilichopo.

Sina ugomvi na hilo. Au tuseme ugomvi wangu ni mdogo. Mwaka 2007 wanafizikia watatu walichapisha utafiti wa gurudumu dogo linalozunguka juu ya mchanga, wakaonyesha kwamba mawimbi hutokea hata gurudumu likiwa halina springi wala shokapu, ilimradi mwendo umepita kiwango fulani. Yaani anayeyachonga ni mwendo. Sasa dereva mwenye shokapu nzuri anakimbia zaidi kwa sababu mgongo haumuumi, anachonga migongo mirefu zaidi, na anayekuja kuilipia ni mwenye bodaboda. Raha yake ni halali kabisa, ila imemwondolea habari ya kile anachowafanyia wengine. Tuliweke hilo pembeni, tutalihitaji.

Kwenye dampa mambo ni mazito zaidi. Ekseli ya mbele ya pikapu hizi ni moja nzima, tairi hadi tairi. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, la kulia linapata taarifa. Ni muundo imara, ndiyo maana unapendwa porini, lakini hauvumilii ulegevu. Bushi ya fimbo inayoishikilia ekseli isiende pembeni ikikatika, au tairodi ikilegea, au beringi za kingpini zikiisha, gurudumu linapata nafasi ya kucheza. Milimita chache tu. Halafu siku moja, kwenye mwendo fulani, baada ya shimo au kiungio cha daraja, mchezo unaanza kujilisha wenyewe. Kushoto, kulia, kila mtikiso ukiusukuma unaofuata, mpaka usukani unamponyoka dereva mikononi, na hana la kufanya zaidi ya kupunguza mwendo na kuomba Mungu. Wamarekani, wenye pikapu nyingi za ekseli nzima, wanauita mtikiso wa mauti. Mwaka 2019 wamiliki wa Ford F-250 na F-350 walifungua kesi California wakidai kampuni iliwauzia magari yenye kasoro hiyo huku ikiijua. Mwaka huohuo Fiat Chrysler ilitangaza kuwafungia wenye Jeep Wrangler dampa mpya. Kwa hiyo swali langu si la vichochoroni kwetu tu. Dampa mpya ni dawa, au ni blanketi?

Mara nyingine ni dawa. Dampa nayo ni chuma na mpira, inavuja, inakufa, na ikifa inabadilishwa. Lakini mafundi wazuri wana kanuni moja ambayo naipenda sana: fungua dampa, weka pembeni, endesha gari taratibu mahali salama. Gari zima litakwenda sawa bila hiyo dampa. Likianza kuyumba na kutetemeka, tafuta ugonjwa kwingine. Kuutafuta ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kuuzungusha nusu inchi kushoto, nusu inchi kulia, matairi yakiwa yamekanyaga chini. Mwingine analala uvunguni na kushika kiungo kimoja kimoja kwa mkono mtupu. Jicho linadanganyika. Vidole vinausikia ulegevu pale ambapo chuma kimoja kinakwenda na kingine kinachelewa.

Nilikuwa kwenye gereji moja ya Arusha kwa ajili ya habari nyingine kabisa, ya malipo ya madereva wa utalii, nilipoyasikia mazungumzo yaliyonifanya niandike haya. Dereva alikuwa mtu mzima, miaka hamsini na kitu. Bosi wake, kijana kwa sauti, alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, simu imewekwa juu ya boneti.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, bosi. Gari linatetemeka. Lami ya Makuyuni pale, likifika themanini, usukani unataka kuniponyoka."

"Sasa si wafunge dampa mpya? Ile ngumu. Wageni wanapanda kesho saa kumi na mbili asubuhi."

Fundi akasogea karibu na simu. "Bosi, kingpini zimekwisha. Dampa itaficha tu."

"Fundi, nikuulize. Ukifunga dampa, gari litatetemeka au halitatetemeka?"

Fundi akanyamaza kidogo. "Halitatetemeka."

"Haya. Funga."

Nimeyarudia kichwani mara nyingi, na kila nikiyachambua naona hakuna aliyesema uongo. Dereva alisema anachokihisi. Fundi alisema ukweli mara mbili, na mara ya pili ukweli wake ukatumika kuufuta ule wa kwanza. Bosi hakudai chochote, aliuliza tu, na alichagua swali ambalo jibu lake la kweli lilimtosha. Na shikamoo aliitoa, tena bila unafiki. Lakini shikamoo yetu haina breki: inaweza kumheshimu mzee na kumpeleka barabarani na beringi zilizokwisha ndani ya dakika mbili. (Sisi wa vyumba vya habari tusijifanye tumeshangaa. Neno "changamoto" limefungwa kwenye habari ngapi pale palipokuwa na wizi? Sentensi inatulia, msomaji hatikisiki, na kilicholegea kinabaki kimelegea.)

Tunao msemo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo unadhani mficha na mgonjwa ni mtu mmoja. Hapa anayeficha yuko ofisini mjini, na atakayeumbuliwa yuko kwenye usukani na wageni nyuma yake. Na nadhani dhuluma yenyewe iko kwa dereva kuliko hata kwa wageni, japo wageni ndio waliolipa. Mtetemo ule ulikuwa ushahidi wake. Hana cheo, hana gari, hana sauti kwenye kikao. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho bosi asingeweza kukikana akikaa mwenyewe kwenye kile kiti. Dampa mpya imemnyang'anya. Kuanzia kesho akisema gari bovu, ataambiwa mbona limetulia. Tukubali pia kwamba baada ya wiki mbili mikono yake mwenyewe itaanza kumwambia hivyohivyo.

Najua majibu. Bosi ana mkopo wa benki, na msimu wa wageni hausubiri. Beringi za kingpini pengine hazipo dukani, na kuzibadilisha kunataka ekseli ifunguliwe, siku nzima au zaidi. Fundi akikataa, gereji nyingine iko ng'ambo ya barabara na itafunga bila hata kusema "itaficha". Yote haya ni kweli na siyadharau. Mtu asiye na pesa ya kutibu chanzo hutuliza maumivu, na sote tumefanya hivyo kwa meno yetu.

Lakini hebu tubadilishe kitu kimoja. Chukua dampa ileile, nati zilezile, siku ileile, halafu bosi aseme: "Fungeni, mzee aende hamsini, asizidi, na Jumatatu gari linarudi linafunguliwa ekseli." Hapo sioni uongo wowote. Maumivu yametulizwa na ugonjwa una tarehe. Kwa hiyo mimi siwezi kukubali kwamba dampa ni kifaa cha udanganyifu, wala kwamba fundi mwadilifu haigusi mpaka viungo vyote viwe vipya. Lawama iko kwenye ile tarehe ambayo haikutajwa, na kwa watu ambao hawakuambiwa. Bosi alinunua kimya, na akakipokea kana kwamba ni uzima.

Na fundi? Wapo watakaosema alitimiza wajibu wake aliposema "itaficha". Naona haikutosha, kwa sababu alimwambia mtu ambaye tayari alikuwa ameamua, na hakuna kilichobaki kimeandikwa. Angeandika kwenye risiti kwamba kingpini zimekwisha na mwenye gari amekataa zisibadilishwe. Karatasi hiyo ingempa dereva ushahidi wa kuchukua nafasi ya ule uliokuwa unafungiwa nati. Inaweza kumpotezea mteja pia, najua.

Hakuandika. Ila alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Dampa ikiwa bado mezani, alimwita kijana wake akae kwenye usukani, akatandika boksi lililochanwa, akamwambia dereva alale naye chini. Nikaona miguu minne imetokeza. Kijana akawa anazungusha nusu inchi huku, nusu inchi kule.

"Weka mkono hapa, mzee. Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Hapa hakuna kitu."

"Haya, rudi pale. Hiyo ndiyo iliyokuwa inakutetemesha. Nikishafunga hutaisikia tena, lakini ipo."

Mzee alitoka akajikung'uta vumbi magotini, akauliza kwenye lami aende ngapi. Sitini, fundi akamwambia, na madaraja yote ayaingie pole. Alfajiri yake wageni walipanda gari lililotulia kabisa. Sidhani kuna aliyewaambia kwa nini mzee anaendesha polepole hivyo kwenye lami nzuri ya Makuyuni, na nimejiuliza kama kuna mmoja wao aliyepiga simu ofisini kulalamika.