Safari ya Wawili: Haki Yenu au Ubadhirifu?

Wana ndoa wenzangu, mwezi huu tuliangalie swali ambalo wengi wetu hatulisemi kwa sauti. Je, ni halali mume na mke wachukue pesa walizojiwekea akiba, waende zao kisiwani kupumzika, hali nyumbani wapo jamaa wenye shida?

Nasema hatulisemi kwa sauti kwa sababu jibu letu la kawaida ni uongo mdogo. Bwana na bibi wanafunga begi usiku, wanawaambia jamaa kwamba wanakwenda semina Mombasa, kumbe wako njiani kwenda Lamu. Safari yenyewe si dhambi hata chembe, lakini imeanza kwa kujificha kama wezi.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kuna bwana na bibi wa bara, mmoja ni mwalimu, mwingine ana duka la vitambaa. Wametimiza miaka 25 ya ndoa. Hawakupata fungate kama inavyosemwa pwani, zile siku saba ambazo maarusi hukaa ndani wakihudumiwa. Jumapili iliyofuata arusi yao walikuwa wakirudisha viti vya kuazima na kuhesabu deni la kamati. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnajua ninachosema. Basi kwa jubilei yao ya fedha wakaweka akiba miaka miwili, kidogo kidogo, waende Lamu juma moja. Zikiwa zimebaki wiki tatu, simu inalia: upepo umeezua mabati ya jiko la mama yake bwana, na mvua imekaribia.

Wafanye nini?

Wapo watakaojibu upesi kwamba pesa ya starehe ni pesa ya maskini, na mtu anayekwenda kuogelea baharini huku mama yake ananyeshewa hana utu. Wapo pia watakaosema jasho ni letu, ndoa ni yetu, jamaa wajitegemee. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yakiachwa peke yake yataharibu nyumba.

Mnakumbuka yule mwanamke wa Bethania aliyevunja chupa ya marhamu? Marko anatueleza kwamba thamani yake ilizidi dinari 300, yaani karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Waliokuwapo wakanung'unika kwamba fedha ile ingewafaa maskini, na Bwana akamtetea yule mama. Kumbe si kila matumizi yasiyojenga kitu ni hasara. Yapo matumizi ambayo ni heshima na upendo. Torati nayo ilimwachia mtu aliyeoa mwaka mzima bila vita wala kazi za umma, ili akae nyumbani amfurahishe mkewe. Sheria ile haikuona aibu kuhesabu furaha ya mke kuwa jambo la kupangiwa muda.

Lakini ni Marko huyo huyo anayetuonyesha Bwana akiwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu, ili wapate kisingizio cha kutowasaidia baba na mama. Kama hata sadaka ya hekalu haiwezi kumnyang'anya mzazi haki yake, nauli ya Lamu itawezaje?

Ndiyo maana mimi hupenda kuwaambia wana ndoa watenganishe vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya kila siku, yaani deni na ombi. Deni ni kile ambacho mtu anakudai kwa haki, hata asipofungua kinywa. Karo ya watoto wenu ni deni. Dawa ya presha ya baba ni deni. Na liko deni moja ambalo halikumbukwi, nalo ni mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani. Nimeona nyumba za watu wanaoshika rozari kila jioni, lakini msichana anayepika na kufua anadai miezi miwili. Mnapoondoka, ni yeye anayebaki na watoto, na kazi yake inaongezeka. Mnamwachia pesa ya maziwa na mkate, yake mnasema mtamaliza mkirudi. Hapana, ndugu zangu. Alipwe kwanza yote, na aongezwe kitu kwa siku zile za kulala akiwa na sikio moja wazi. Kama mkimlipa pesa za safari hazitoshi, basi hamkuwa na pesa za safari. Mlikuwa na pesa zake.

Mkopo wa simu ni hivyo hivyo. Mwenye kupanda boti kwa pesa ya kukopa hajapumzika, ameahirisha tu kuumwa kichwa. Na akiba ya chama si yenu mpaka zamu yenu ifike.

Ombi ni kitu kingine. Mpwa anataka mchango wa pikipiki ya bodaboda. Kamati ya arusi ya binamu imekuandikia kiasi ambacho hukuulizwa. Haya ni maombi, nayo yanaweza kukubaliwa, kupunguzwa au kukataliwa bila dhambi. Mtu akikataliwa ombi anaweza kununa, lakini kununa hakuligeuzi ombi kuwa deni.

Turudi kwa yale mabati. Kwa maoni yangu jiko la mama mzee, mvua ikiwa mlangoni, ni deni. Lakini ni deni la nani? Mama huyu ana watoto watano. Mara nyingi mzigo wote huangukia yule mmoja aliyeweka akiba, kana kwamba kuweka akiba ni kosa linalotozwa faini. Basi bwana awapigie simu ndugu zake kabla hajagusa bahasha ya safari. Kila mmoja atoe fungu lake, hata kama ni bati mbili na misumari. Ikiwa wote wana haki ya kula ugali wa jiko lile wakati wa Krismasi, wote wana wajibu wa kuliezeka.

Na wakishatoa, fungu la hawa wawili likila sehemu kubwa ya akiba, safari iahirishwe. Lakini hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Iahirishwe mpaka tarehe inayojulikana, iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Safari iliyoahirishwa bila tarehe imekufa, maana baada ya mabati litakuja tangi la maji, na baada ya tangi, ng'ombe. Na anayebeba kimya kimya huzuni ya safari iliyokufa kwa kawaida ni mke. Hatalalamika. Atasema tu, "Ni sawa, baba." Lakini siku moja utamwomba akusaidie jambo la ukoo wako, nawe utashangaa amekuwa baridi namna gani.

Sasa tuje kwenye ule uongo wa semina. Najua unakotoka. Tunaogopa kuambiwa tuna pesa. Ni kweli kwamba hakuna anayewadai mtangaze mfuko wenu kwa ukoo mzima, na kunyamaza si kusema uongo. Jirani akiuliza mnakwenda wapi, "Tunasafiri kidogo" yatosha. Lakini kumwambia mama semina, na kumfundisha mtoto wa miaka kumi na miwili aseme semina, hilo ni jambo lingine. Mtoto anajifunza mawili kwa pamoja: kwamba wazazi hudanganya, na kwamba mapenzi ya baba na mama ni kitu cha kuonea aibu. Sijui lipi baya zaidi. Jaribuni maneno haya mepesi: "Mama, sisi wawili tunakwenda Lamu. Tumeweka akiba kwa ajili hiyo. Jiko lako tumeliangalia." Wazee wengi watafurahi kuliko mnavyodhani. Atakayenung'unika atanung'unika, naye hatakufa.

Kuhusu kupanga kwenyewe, akina baba wengine hupenda kumshangaza mke. Bwana anakata tikiti kimya kimya, anazitoa mfukoni siku ya Ijumaa, na anangoja vigelegele. Mke anaangalia tarehe. Ni juma la mtihani wa kifungua mimba. Hakuna wa kukamua ng'ombe. Pia wale wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi wanajua kwamba kalenda ya safari na kalenda ya mama husomwa pamoja, si moja baada ya nyingine. Zawadi ambayo mwenzako anatakiwa kuipangia kila kitu ndani ya siku mbili ni kazi uliyomtwika. Kaeni mezani wawili, na daftari. Mke wangu husema saa ile ya daftari humpendeza kuliko safari yenyewe, kwa sababu simu imezimwa.

Andikeni mambo jinsi yalivyo. Lamu iko mbali. Anayetoka Nairobi aweza kupanda reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, akafika Mombasa, akalala, kisha akachukua basi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Hapo barabara inaishia baharini, na unapanda boti kwenda kisiwani. Hata anayekwenda kwa ndege hutua kisiwa cha Manda, naye pia huvushwa kwa boti. Kwa hiyo ukienda kwa barabara kutoka Nairobi, siku nne zote utazimalizia garini. Wenye siku nne waende karibu, kwa mfano Wasini, kisiwa kidogo unachovukia kutoka Shimoni kusini mwa pwani. Tena kabla ya kukata tikiti ya basi ulizeni hali ya usalama. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ambamo zaidi ya watu 60 waliuawa, njia hiyo si ya kuendewa kwa kubahatisha.

Angalieni majira pia. Desemba na Pasaka bei za malazi hupanda. Aprili na Mei ni mvua za masika, na upepo wa kusi ukikaza katikati ya mwaka bahari huchafuka, kwa hiyo anayeogopa mashua afikirie kaskazi, karibu na Januari na Februari. Mwezi wa Ramadhani si marufuku kwa mgeni, lakini mikahawa mingi hufungwa mchana, na si adabu kula njiani mbele ya waliofunga.

Maana Lamu si bustani ya wageni. Ni mji wa watu. Mji wake wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na bado watu wanaishi ndani yake, wanaoa na kuzika humo. Vichochoro ni vyembamba, na anayebeba mizigo ni punda. Ngome iliyoko uwanjani ilikuwa gereza hadi mwaka 1984. Mama, beba leso. Baba, usitembee mjini kifua wazi. Yale machuguu ya mchanga ya Shela ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya kisiwa, basi aliyezoea kuacha mfereji ukitiririka akipiga mswaki ajue anamwaga maji ya kunywa ya watu. Kwa ajili ya Jumapili, ulizeni saa ya Misa mnapofika. Lamu iko chini ya Jimbo la Malindi.

Kuna jambo dogo la malazi ambalo huwagombanisha watu. Nyumba ya kukodi yenye jiko huwa nafuu kuliko hoteli, na bwana mwenye hesabu ataipenda. Ni vizuri, lakini nani atapika? Ukimtarajia mkeo akaange samaki asubuhi na jioni kama nyumbani, basi hukumpeleka Lamu, umemhamishia jiko. Pikeni kwa zamu, au kuleni nje mara moja kwa siku na jioni mshibe matunda na mkate wa mofa.

Mkiwa huko, simu za nyumbani zipangiwe saa moja, tuseme baada ya magharibi. Jambo la kufa au kuugua mtaambiwa saa yoyote. Jambo la ng'ombe laweza kungoja. Na msishangae ikiwa siku ya kwanza hamna la kuongea. Watu waliozungumza karo na mbolea kwa miaka 25 hawaanzi kuimbiana mashairi mara tu wanaposhuka gatini. Nendeni Shela kwa miguu, ni mwendo wa dakika arobaini hivi kufuata ufuo, na mrudi kwa boti kabla ya giza. Maneno hurudi polepole.

Siku ya kuondoka pitieni sokoni mumnunulie mama haluwa, na mfanyakazi wa nyumbani leso, yenye jina nzuri. Mama atauliza bahari ilikuwaje. Mketi naye chini ya yale mabati mapya, mumsimulie.