Kadi Hii Imekuzidi Umri, Mwanangu

Mwanangu, hapa mezani kwangu, kando ya kikombe cha chai, ipo kadi ya otomate, kile kisanduku kinachoongoza mashine. Ni ubao wa kijani, hauzidi sana kiganja changu. Juu ya chipu moja nyeusi, chini ya jina lake, zimeandikwa tarakimu nne: 8734. Mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni juma. Juma la 34 la mwaka 1987. Kadi yenyewe basi haikuundwa kabla ya hapo. Wewe hukuwa umezaliwa.

Nakuandikia kwa sababu nawaona vijana mnavyoingia kazini. Ni wepesi wa kuelewa kuliko tulivyokuwa sisi, na simu mlizo nazo mfukoni zina nguvu kuliko otomate zote nilizowahi kufungua. Lakini mna haraka. Mashine ikisimama, mnakwenda moja kwa moja kwenye kabati. Mnang'oa kadi, mnapuliza vumbi, mnarudisha, mnawasha. Nami nilikuwa hivyohivyo. Kaa kidogo nikueleze iliyonifika.

Ujue kwanza kwa nini mji wetu umejaa vitu hivi. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, hapa Likasi, mji uliowahi kuitwa Jadotville. Baba zetu walizoea makabati ya relei, marefu kama kabati la nguo, yenye sumaku zinazogonga mchana kutwa. Mtu mwenye sikio alijua kwa mlio tu mashine imefikia wapi. Kisha zikaja otomate. Siemens walitoa Simatic S5 mwaka 1979, na Wafaransa walikuwa na Télémécanique yao. Kabati zima likaingia katika kisanduku unachoweza kubeba mikononi. Wakati ule, katikati ya miaka ya 1980, Gécamines, kampuni ya madini ya taifa, ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka.

Halafu dunia ikaendelea. Katikati ya miaka ya 1990 Siemens wakaleta kizazi kipya, S7, na Ulaya wakaanza kubadilisha. Sisi wakati huo tulikuwa na mengine. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, uporaji ulikuwa umepita mwaka 1991, mishahara ilikuwa haiji. Nani angenunua akili mpya ya mashine? Mwaka 2003 shaba ya Gécamines haikufika hata tani 20,000, na mwaka huohuo ndipo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondolewa kazini kwa mpango ule wa Benki ya Dunia, tulioambiwa ni kuondoka kwa hiari. Wengi wao wanakaa Kikula, Panda, Shituru, au walikaa huko mpaka Mungu alipowachukua. Mlangoni walirudisha kofia, funguo na viatu vya kazi. Walichokuwa wanakijua walikwenda nacho nyumbani.

Hapo ndipo ninapotaka ufike, lakini nianze na kosa langu.

Nilikuwa fundi katika kiwanda kimoja, jina lake tuliache. Tulikuwa na mikanda mitano ya kubebea mawe kuelekea kwenye kinu, na otomate moja ya zamani iliyoiongoza yote. Ndani ya kisanduku chake taa ndogo nyekundu ilikuwa imewaka kwa majuma kadhaa. Ilikuwa taa ya betri. Nilitafuta betri ya lithiamu ya aina ile mpaka nikaipata, nikaiweka mfukoni, nikasubiri Jumapili, siku ya kusimamisha mikanda. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, na mimi nilikuwa nimeahidi kuwahi nyumbani.

Nilifanya nilivyofundishwa kufanya na kila kitu cha umeme. Nilizima. Nikavuta betri ya zamani, nikatia mpya. Haikuchukua hata dakika moja. Nikawasha. Taa ya betri haikuwaka tena, nami nikafurahi. Kisha nikaona taa ya kazi, ile ya kijani, nayo haiwaki.

Mwanangu, betri ile kazi yake ni moja tu: kuishikilia kumbukumbu umeme ukiwa umezimwa. Nilikuwa nimezima umeme, halafu nikaondoa betri. Programu yote ilikuwa imehifadhiwa katika kumbukumbu inayohitaji kulishwa bila kukatizwa, nami nilikuwa nimeinyima chakula pande zote mbili kwa wakati mmoja. Betri ya otomate ya namna hiyo hubadilishwa kisanduku kikiwa kimewashwa. Imeandikwa katika kitabu chake, ukurasa wa matengenezo. Kitabu kilikuwa ofisini, rafuni, hatua kama mia kutoka pale niliposimama.

Nakala haikuwapo. Tulikaa siku tisa tukifuata nyaya moja moja, tukiandika kila moja inatoka wapi na inaishia wapi. Tulimwuliza mwendesha mitambo mikanda ilikuwa ikianza kwa mpangilio gani, naye akafumba macho, akatuhesabia kwa vidole: king'ora kwanza, kisha mkanda wa mwisho, ule ulio karibu na kinu, ndipo unaoufuata nyuma yake, mpaka wa kwanza. Ukianzisha wa kwanza kabla ya wengine, mawe yanajirundika juu ya mkanda uliosimama. Hilo alilijua kwa macho na masikio. Lakini sekunde ngapi kati ya mmoja na mwingine? Na kama mkanda wa tatu ukichelewa kushika mwendo, ipi inasimama na ipi inaendelea? Hakukumbuka.

Siku ya tisa mtu mmoja akasema, hivi yule mzee wa Kikula, siye aliyeiandika programu hii? Tulikwenda jioni. Alitukaribisha, akatupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani akatoka na kopo la biskuti. Ndani yake mlikuwa na kaye ya shule, na ndani ya kaye, kwa penseli, mistari kama mia tatu, yote kwa mkono wake. Kila mlango wa kuingilia, kila mlango wa kutokea, kila muda wa kusubiri. Pembeni alikuwa ameandika kwa nini: hapa sekunde nane, kwa kuwa mkanda huu ni mrefu, mvua ikinyesha unateleza.

Akaniuliza jambo moja tu. "Mbona hamkuja siku ya kwanza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa napita mbele ya nyumba yake kila siku nikienda kazini.

Kwa hiyo, ukiambiwa tafuta kadi ya zamani, anza na watu. Mtandao utaukuta palepale hata kesho. Nenda kawasalimie wazee walioifanya kazi hiyo. Usiende mikono mitupu, chukua sukari au sabuni. Usiende na swali moja ukaondoka nalo. Kaa, uulize habari za watoto, uulize mashine ile ilikuwaje ilipokuwa mpya. Wengine wana kadi chini ya kitanda, zilizotupwa na wakubwa, wao wakazihurumia. Na wengi wana karatasi, ambazo zina thamani kuliko kadi. Yule mzee amekwisha kutangulia. Siku ya arobaini nilimwomba mjane wake lile kopo, akaniambia watoto walikuwa wameliweka pamoja na vitu vya kuchoma. Ninalo hapa.

Ukikosa kwa wazee, ndipo uende kwa wauzaji. Nilikwisha kupata kadi Lubumbashi, nikapata nyingine Kitwe, ng'ambo ya Kasumbalesa, kwa mafundi wa migodi yenye mashine za rika la zetu. Soma namba yote ya kadi mpaka herufi ya mwisho, maana kadi mbili zinaweza kufanana sura na kutofautiana toleo. Piga picha vile vijiswichi vidogo vya ile ya zamani kabla ya kuitoa. Chipu ukiitilia shaka, lowanisha pamba kwa asetoni uipanguse juu. Maandishi ya kweli hayaondoki kirahisi. Ya uongo huja na pamba, na chini yake unaona alama za msasa, kwa kuwa kuna watu huchukua chipu dhaifu, huisugua na kuiandika jina la nyingine.

Kadi ikiwa na chipu yenye kidirisha cha kioo, na juu yake kibandiko, kiache kibandiko. Ile ni EPROM, na mwanga ndio unaofuta yaliyomo. Watengenezaji wenyewe waliandika kwamba jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa muda wa kama juma moja, na taa za mirija za ofisini kwa kama miaka mitatu. Jua letu la Katanga unalijua.

Na kadi iliyokaa rafuni miaka ishirini si mpya, hata ikiwa bado ndani ya boksi lake. Kondensateri zake, yale makopo madogo ya duara, zina majimaji ndani, na majimaji huzeeka. Niliwahi kununua moduli ya umeme ikiwa na karatasi zake za kiwandani, nikaichomeka, ikapasuka mbele ya macho yangu. Siku hizi kitu kama hicho nakipa umeme mdogo kwanza, naupandisha taratibu kwa saa kadhaa, ndipo nakiamini. Na ukifungua kabati la zamani ukanusa harufu ya samaki, usiwalaumu waliokula pale. Ni majimaji ya kondensateri yanayovuja. Zibadilishe mapema, kabla hayajala njia za shaba za ubao.

Hapa kwetu kuna adui wengine. Karibu na mabwawa ya kuchujia shaba, mvuke wa asidi huingia kila mahali, na miguu ya kadi hugeuka kijani. Usitumie msasa. Mimi nilitumia, ikang'aa vizuri, kumbe nilikuwa nimeondoa dhahabu, nayo ni nyembamba kuliko unavyodhani. Baada ya msimu mmoja wa mvua ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Tumia kifutio cha shule, polepole, kisha spiriti safi. Msimu wa mvua ogopa radi inayoingia kupitia nyaya ndefu za nje. Msimu wa baridi hewa ni kavu, na umeme wa nguo zako peke yake unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Gusa kwanza chuma cha kabati. Kadi usiisafirishe katika mfuko wa mkate, hata kama ni Lubumbashi hadi Likasi tu.

Lakini hayo yote yanaweza kungoja. Jambo la kwanza, kesho asubuhi, tembea kwenye makabati yako wakati mashine zinafanya kazi vizuri na hakuna anayekupigia kelele. Tazama taa za betri. Toa nakala ya kila programu, uihifadhi mahali pawili, kisha uichapishe kwenye karatasi. Tafuta kompyuta ya zamani yenye mlango wa serial wa pini tisa, uitunze kama unavyotunza pikipiki yako. SNEL, shirika la umeme, wakikata umeme usiku na betri ikiwa imechoka, hakuna duka la Johannesburg wala la Ubelgiji litakalokuuzia kilichokuwamo.

Kadi hii ya 1987 ni akiba ya mikanda ile mitano. Kila mwaka mwezi wa tisa, kabla ya mvua, naitoa mfukoni, naipa umeme kidogo kidogo, naandika tarehe kwa penseli kwenye boksi. Mstari wa mwaka huu bado haujaandikwa. Ukipita Panda Jumamosi, gonga. Mama atatupikia bukari na sombe, nawe uje na kaye, uinakili ile ya mzee kwa mkono wako, mistari yote mia tatu, pamoja na yale aliyoandika pembeni.